Chuo chenye kila kitu ndani ya geti, kwa mwenye daraja la tatu: namna ya kukitafuta

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, simu yangu hailali. Wanapiga wanafunzi niliowafundisha, wanapiga wazazi wao, na swali ni lile lile: "Mwalimu, nimepata Three. Nataka chuo ambacho hosteli ni humo humo, maktaba humo humo, chakula humo humo. Sitaki kupanga geto mtaani. Nitapata?" Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo. Sasa naliandika, ili ulisome taratibu ukiwa na matokeo yako mkononi.

Jibu ni kwamba utapata. Vyuo vya namna hiyo vipo, na vingi vinapokea watu wenye alama kama zako. Tatizo ni kwamba watu wanavitafuta mahali ambapo havipo. Kila mtu anatazama katikati ya Dar es Salaam, penye majengo marefu na vitanda vya kugombaniwa, wakati kampasi zenye nafasi ya kulala, kula na kusoma zilijengwa Morogoro, Dodoma, milimani Kilimanjaro, pembezoni mwa ziwa na katikati ya mashamba.

Tuelewane kwanza. Ninaposema chuo kinachojitosheleza, nina maana mwanafunzi aamke, aoge, ale, aingie kipindi, asome maktaba usiku, augue na kutibiwa, afue nguo na kuchapisha kazi yake steshenari bila kulazimika kuvuka geti. Sizungumzii chumba chenye choo chake ndani. Hicho ni kitu kingine, na vyuoni ni adimu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Matokeo yako somo kwa somo, ya kidato cha sita na cha nne. Daraja peke yake halitoshi, na kwenye hatua ya kwanza utaona kwa nini.
- Mwongozo wa udahili wa mwaka huu. Kwa digrii unatolewa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa astashahada na diploma na NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Unapakuliwa bure kwenye tovuti zao. Usitumie wa mwaka jana, sifa za programu hubadilika.
- Cheti cha kuzaliwa, kikiwa kimehakikiwa na wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, yaani RITA, au ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar. Bila hicho maombi ya mkopo hayaendi.
- Laini moja ya simu utakayobaki nayo hadi uanze masomo. Ujumbe wa kuthibitisha chuo huja kwenye namba uliyojaza. Nimeona mtu amepoteza nafasi kwa sababu laini ilikuwa ya kaka yake aliyesafiri.
- Nauli ya safari moja ya kwenda kuona chuo kwa macho.
- Kikao na mzazi au mlezi, ataje kiasi anachoweza kutoa kwa mwaka. Kiasi kamili. "Tutaona" haijengi bajeti.
- Daftari. Utapiga simu nyingi na utasahau nani alikuambia nini.

Hatua ya 1: Geuza daraja lako kuwa pointi za udahili

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nenda polepole.

NECTA, Baraza la Mitihani, wanahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, kwenye masomo yako matatu ya tahasusi. Pointi chache ndiyo sifa. Daraja la tatu ni kuanzia pointi 13 hadi 17.

TCU wanahesabu kinyume. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Wanachukua masomo mawili tu, yote yawe na ufaulu mkuu, yaani kuanzia A hadi E, na jumla yake isipungue 4.0. General Studies haihesabiwi. Utaratibu huu ni wa waliomaliza 2016 na kuendelea. Waliomaliza 2014 na 2015, ile miaka ya alama za B+, wanatakiwa wawe na C mbili.

Sasa tazama wanafunzi watatu, wote wana daraja la tatu:

- Wa kwanza ana D, D, E. NECTA: 4+4+5 = 13. TCU: 2+2 = 4. Ana sifa ya kuomba digrii.
- Wa pili ana C, E, S. NECTA: 3+5+6 = 14. TCU: 3+1 = 4. Naye ana sifa.
- Wa tatu ana D, E, E. NECTA: 4+5+5 = 14. TCU: 2+1 = 3. Hana.

Umeona? Wa pili na wa tatu wana pointi 14 zile zile kwenye karatasi ya NECTA, hata mtaani wataambiwa wamefaulu sawa. Lakini mmoja mlango wa digrii uko wazi kwake, mwingine umefungwa mwaka huu. Kaa chini ufanye hesabu yako mwenyewe kabla hujamsikiliza mtu yeyote, nikiwemo mimi.

*Angalizo:* kufikisha 4.0 hakumaanishi kila programu itakupokea. Mwongozo unataja masomo mawili gani yanatakiwa kwa kila programu. Huyu wa pili, kama C yake ni ya Kiswahili na E ni ya Historia, hawezi kuomba programu inayodai Jiografia aliyopata S. Tena fani za afya na uhandisi huweka masharti ya juu zaidi. Soma safu ya sifa neno kwa neno.

Hatua ya 2: Chagua mlango wako

Ukishajua pointi, milango ni mitatu.

Una 4.0 au zaidi: digrii.

Una ufaulu mkuu mmoja na S moja, lakini hujafika 4.0: diploma. Ni kozi ya miaka miwili. Ukimaliza na GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, ya 3.0 au zaidi, na kidato cha nne una ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, unaomba digrii kama mtu mwingine yeyote. Utahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, ile inayoitwa AVN, kutoka NACTVET.

Una kidato cha nne tu, na D nne za masomo yasiyo ya dini: astashahada ya awali, ngazi ya NTA 4, kisha unapanda NTA 5 na 6. Wewe kumbuka pia Selform, fomu ya machaguo ya kidato cha tano na vyuo. Ukiwa kidato cha nne ulijaza machaguo, na baada ya matokeo TAMISEMI hufungua nafasi ya kuyabadilisha. Vyuo vya serikali vimo mle, usiache dirisha hilo lipite umelala.

Nasema hili kwa uzito, maana naona vijana wanaona diploma kama adhabu. Kwa mtu anayetafuta kampasi yenye kila kitu ndani, mlango wa diploma una vyuo vizuri kuliko mlango wa digrii. Nitakuonyesha.

Hatua ya 3: Andika orodha yako, na uanzie nje ya Dar

Chuo kilichojengwa katikati ya jiji hakikuwa na sababu ya kujenga mabweni ya watu wote, mtaa ulikuwepo. Chuo kilichojengwa porini, shambani au mlimani kililazimika kujenga kila kitu, pamoja na nyumba za walimu, zahanati na duka. Basi, nadharia ni hiyo tu. Ukiitumia, orodha inajiandika yenyewe.

*Kwa digrii.* Kama una nauli ya safari moja tu, ipeleke Morogoro, kwa sababu utaona kampasi tatu kwa siku moja. Ya kwanza ni SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kampasi kuu chini ya milima ya Uluguru. Ina mashamba, mabweni, maktaba na viwanja ndani ya eneo lake. Watu wanaisikia jina wanadhani ni kulima tu, wakati ina programu za misitu, chakula, mazingira, utalii, ualimu na nyinginezo.

Ya pili ni Mazimbu, kampasi ya Solomon Mahlangu, nayo ni ya SUA. Mtu akiniuliza chuo kinachojitosheleza kinafananaje, namwambia aende Mazimbu. Wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini waliijenga kuanzia 1978 kama makazi kamili ya watu waliokuwa uhamishoni: shule, nyumba, hospitali, karakana, shamba. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa serikali ya Tanzania na ikawa sehemu ya SUA. Ukitembea mle unaona mji mdogo uliopangwa na watu waliojua hawana pa kukimbilia.

Ya tatu ni Mzumbe, kiasi cha kilomita 20 hivi kutoka mjini, ukielekea Iringa. Hapa palikuwa na IDM, chuo cha mafunzo ya uongozi, kabla hapajawa chuo kikuu mwaka 2001. Sheria, utawala, uhasibu na biashara ndizo nguvu zake. Nje ya geti kuna Changarawe, ambako waliokosa bweni hupanga, kwa hiyo hata ukikosa kitanda hupangi mbali. Ila hakikisha unaomba kampasi kuu. Mzumbe ina kampasi Mbeya na Dar es Salaam pia, na jina likiwa moja watu wanajichanganya.

Baada ya Morogoro nenda Dodoma. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianzishwa 2007 nje kidogo ya mji, na ni kubwa kiasi kwamba ndaki zake zimekaa kama vijiji tofauti, kila kimoja na mabweni yake. Kitanda si shida kubwa kama kwingine. Shida ni umbali wa ndani. Uliza bweni la ndaki *yako* liko wapi, usije ukapangiwa kilima kimoja na vipindi viko kilima kingine.

MoCU, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, iliyoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kivukoni ya zamani pale Kigamboni, nazo ziwekwe kwenye orodha. Ile ya Kigamboni ndiyo namna nzuri ya kuridhisha mzazi anayeng'ang'ania Dar.

*Kwa diploma na astashahada.* Hapa ndipo pameshiba. Vyuo vya sekta vya serikali vilijengwa vikiwa vya bweni tangu siku ya kwanza:

- Mweka, chuo cha wanyamapori, tangu 1963, kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro juu ya Moshi. Kina astashahada, diploma na digrii.
- Olmotonyi, chuo cha misitu, Arusha, tangu 1937.
- Vyuo vya kilimo vya MATI: Uyole Mbeya, Ukiriguru Mwanza, Ilonga Kilosa, na vingine. Vingi viko ubavuni mwa vituo vya utafiti wa kilimo, na shamba la mazoezi liko nyuma ya bweni.
- FETA, vyuo vya uvuvi: Mbegani karibu na Bagamoyo, na Nyegezi Mwanza.
- LITA, vyuo vya mifugo, Tengeru kikiwa kimojawapo.
- Tengeru hiyo hiyo kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii.

Vyuo vya ualimu vya serikali navyo ni vya bweni, ila vinataka daraja la kwanza hadi la tatu, kwa hiyo mwenye Four ya kidato cha nne asipoteze muda huko.

Andika vyuo vinane hadi kumi. Usianze kuvipenda bado.

Hatua ya 4: Piga simu, uliza maswali haya haya

Usipigie ofisi ya udahili peke yake. Kazi yao ni kupokea wanafunzi, na watakuambia "hosteli zipo". Omba namba ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi au wodeni, kisha uliza:

1. "Mwaka jana, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeomba kitanda kwa wakati alikosa?"
2. "Mwaka wa pili na wa tatu wanalala wapi?"
3. "Mabweni yako ndani ya geti, au mmekodi nje?"
4. "Maktaba inafungwa saa ngapi siku ya kawaida? Na Jumapili?"
5. "Kafeteria inapika chakula cha usiku? Na likizo fupi?"
6. "Maji yakikatika, mna kisima au matenki?"
7. "Zahanati inapokea bima gani, na usiku kuna muuguzi?"

Salimia vizuri, jitambulishe, "shikamoo" haigharimu kitu. Ukijibiwa kwa jumla jumla, uliza tena kwa upole: "Samahani mama, namaanisha mwaka jana hasa ilikuwaje?" Andika jina la ofisi na tarehe.

Swali la pili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Vyuo vingi hutanguliza mwaka wa kwanza na wenye ulemavu. Unakaa raha mwaka mmoja, mwaka wa pili unajikuta unatafuta geto wakati wenzako wa mtaani walishapata vyumba vizuri.

Hatua ya 5: Nenda ukaone, na ufike jioni

Mwaka mmoja nilimsindikiza mpwa wangu kwenye chuo ambacho sitakitaja. Kwenye picha za chuo palikuwa na jengo la hosteli la ghorofa tatu, limepakwa rangi ya krimu, na vijana wamekaa kwenye nyasi mbele yake. Tulifika na sanduku, godoro limefungwa kamba, ndoo ina kikombe na sabuni ndani. Mlinzi getini akatuuliza tunatafuta nini. Tukamwambia hosteli. Akanyoosha mkono kuelekea barabara kuu, upande wa pili, zaidi ya kilomita mbili. Jengo lilikuwepo kweli, rangi ile ile, lakini lilikuwa la mtu binafsi, na nyasi zile zilikuwa za jirani.

Alikaa pale mwaka mzima. Bodaboda shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku tano kwa juma, majuma kama 30. Piga hesabu: 300,000, ambazo hazikuwa kwenye bajeti yoyote. Na maktaba ilikuwa inafungwa kabla giza halijaingia vizuri, kwa hiyo usiku alisomea kitandani kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Lile godoro na kamba yake silisahau. Ningekwenda siku moja kabla ya kulipa, lisingetokea.

Kwa hiyo nenda. Fika saa kumi jioni, ukae hadi saa mbili usiku kama una pa kulala karibu. Mchana kila chuo kinapendeza. Jioni ndipo unapoona kama bomba linatoa maji watu wakiwa wengi, kama taa za njia kati ya maktaba na bweni la wasichana zinawaka, kama kafeteria ina foleni ya watu au ina meza tupu kwa sababu chakula hakiliki. Hesabu vitanda kwenye chumba kimoja. Angalia choo. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyekaa tu anafua nguo, umuulize: "Juma lililopita ulitoka nje ya geti mara ngapi kwa lazima?" Akijibu mara moja au hakumbuki, umefika.

Huna nauli? Tafuta mtu aliyesoma pale, kwenye kanisa lenu, msikitini, au shuleni kwako. Mwombe apige picha tatu: bomba, choo, na tangazo la hosteli kwenye ubao.

Hatua ya 6: Omba kwa mafungu matatu

Tangu 2017 hakuna tena mfumo mmoja wa TCU wa kuombea digrii. Unaomba moja kwa moja kwenye kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa kawaida kama shilingi 10,000. Kwa hiyo hela itakulazimisha kuchagua. Gawa hivi:

Fungu la kwanza, chuo kimoja unachokitamani ingawa ushindani ni mkubwa. La pili, viwili ambavyo pointi zako zinakaa vizuri. La tatu, kimoja ambacho huna shaka utapata, hata kama ni diploma. Ndani ya kila chuo panga programu hivyo hivyo.

*Angalizo:* usijaze programu usiyoitaka eti kwa sababu kampasi ni nzuri. Bweni zuri halitakuokoa na sapu, mitihani ya marudio, za somo unalolichukia, na ukidisko, yaani ukiondolewa chuoni kwa kufeli, unatoka bwenini pia.

*Angalizo la pili:* kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo na programu vimo kwenye orodha ya TCU au NACTVET ya mwaka huu. Vyote viwili. Kuna chuo halali chenye programu isiyo na ithibati.

Mtu akikuambia "nipe hela nikufanyie udahili, nina mtu ndani", mkimbie. Malipo ya chuo cha umma yanapita kwenye namba ya malipo ya serikali inayotolewa na mfumo wenyewe. Hayapiti kwenye simu ya mtu.

Hatua ya 7: Mkopo na hesabu ya kitanda

Omba mkopo HESLB, Bodi ya Mikopo, dirisha likifunguka, usisubiri jibu la chuo. Fedha ya chakula na malazi, boom, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Inakuja kwa mafungu, na mara nyingi fungu la kwanza linachelewa kuliko njaa. Nenda na akiba ya chakula cha majuma matatu au manne.

Tangu 2023 HESLB wanatoa mikopo pia kwa diploma, ila kwa fani za kipaumbele tu. Angalia kama yako imo.

Kisha linganisha vyuo kwa gharama ya mwaka mzima, siyo ada. Ada, kitanda, chakula, nauli ya kila siku, nauli ya kwenda nyumbani mara mbili. Chuo chenye ada ya chini mjini mara nyingi kinazidiwa na chenye ada kubwa kidogo kilichokupa kitanda. Zile 300,000 za bodaboda zikumbuke.

Hatua ya 8: Thibitisha, halafu kimbilia kitanda siku hiyo hiyo

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha. Ingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, thibitisha. Usipofanya hivyo kwa muda uliowekwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Kupata chuo si kupata bweni. Hayo ni maombi mawili tofauti. Soma fomu ya kujiunga mpaka ukurasa wa mwisho, tafuta maelezo ya hosteli, omba mara tu mfumo unapofunguka, lipia, chapisha risiti. Fika siku ya kwanza ya usajili. Funguo zinagawiwa kwa waliopo.

Yakikwama

*Nina pointi 3, lakini nataka digrii na siyo diploma.* Kuna kozi ya msingi ya mwaka mmoja Chuo Kikuu Huria. Inakubali hata mwenye pointi 1.5 za masomo mawili, na ukipata GPA ya 3.0 pamoja na C za masomo matatu ya fani yako, unaomba digrii. Ila Huria ni masomo ya masafa, bweni hakuna. Ukitaka vyote viwili, maisha ya kampasi na njia ya digrii, diploma ya Mweka, MATI au FETA inakufikisha.

*Nilimaliza diploma na GPA ya 2.8.* Kozi hiyo hiyo ya Huria inakupokea, kwa sababu kwa wenye diploma inataka GPA ya 2.0 tu.

*Dirisha la kwanza nimekosa kote.* Kuna la pili, na mara nyingi la tatu. Usirudie machaguo yale yale. Vyuo hutangaza programu zenye nafasi zilizobaki, anza na hizo. Kilimo, misitu na ufugaji hubaki na nafasi wakati biashara na sheria zimejaa.

*Chuo nimepata, kitanda nimekosa.* Usilipe geto la mwaka. Panga la mwezi mmoja, au lala kwa ndugu, kisha nenda kwa wodeni kila baada ya siku mbili. Wapo waliopewa vitanda wasioripoti, na majina yao huondolewa usajili ukifungwa. Anayeonekana mlangoni ndiye anayekumbukwa. Kubebana, yaani kulala wawili kitanda cha mtu mmoja kwa siri, nakusihi usikutegemee. Ukikamatwa, wewe na aliyekubeba mnatoka wote.

*Mkopo sijapata.* Kata rufaa dirisha lake likifunguka, ambatanisha nyaraka ulizosahau mwanzo. Wakati huo huo muulize mhasibu wa chuo kuhusu kulipa ada kwa awamu.

*Nimefika, chuo si kile nilichoambiwa.* Kuna utaratibu wa kuhama chuo unaosimamiwa na TCU, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kwa mwenye sifa za programu anayohamia na nafasi ikiwepo. Muda wake ni mfupi. Ulizia juma la kwanza, usisubiri mtihani wa kwanza.

*Mzazi anasema chuo cha mkoani si chuo.* Mpeleke. Mpwa wangu wa pili baba yake alikuwa hivyo, akitaka mtoto akae Dar kwa shangazi, apande daladala mbili asubuhi na mbili jioni. Tukaenda naye Morogoro Jumamosi moja. Tulipotoka maktaba kuelekea mabwenini, akawa anahesabu hatua kwa sauti. Alipofika mlangoni akanyamaza, akaangalia saa yake, akaniuliza fomu ya hosteli inapatikana ofisi gani.